Hali ya Hewa na Tabia ya Nchi: Tusichanganye Mambo Mawili

(Mhadhara uliotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Taraweh. Umeandikwa hapa karibu kama ulivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa.)



Alhamdulillah, shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Wazee wetu, mama zetu, na vijana wenzangu. Mada ya leo si ya fiqhi wala si ya siasa. Ni mada ya mvua na jua. Lakini msiidharau. Watu wanapoteza mifugo, wanapoteza nyumba, na wengine wamepoteza roho zao, na sababu moja ni kwamba tunachanganya mambo mawili ambayo ni mbali mbali. La kwanza ni hali ya hewa. La pili ni tabia ya nchi, au kama vitabu vya siku hizi vinavyoandika, tabianchi.

Mkanganyiko wenyewe unaanzia kwenye maneno. Ukifungua redio hapa Kenya utasikia mtangazaji asema "mabadiliko ya hali ya hewa". Mzee aliyekaa barazani asikia, acheka. Asema: "Sasa hilo ni jambo la kutangazwa? Hali ya hewa si hubadilika kila siku? Jana jua, leo mawingu!" Na kwa neno alilopewa, mzee yuko sawa kabisa. Hali ya hewa hubadilika kila siku, hata kila saa. Kinachozungumzwa na wataalamu ni kitu kingine, ni tabia ya nchi kubadilika. Mzee amepewa neno la jambo moja ili aelezwe jambo jingine, kisha twamlaumu kwamba haelewi.

HALI NA TABIA

Hebu tuyaangalie maneno yenyewe, maana Kiswahili chetu kimeyapanga vizuri.

Mkikutana na mtu njiani mwamuuliza: "U hali gani?" Leo atajibu mzima, kesho atajibu ana mafua, keshokutwa atasema amechoka. Hali ni ya wakati ule. Ndiyo maana twaulizana kila siku na hakuna anayeshangaa.

Sasa chukua siku ambayo kijana amekuja kuposa nyumbani kwako. Wazazi hawaendi kwa jirani zake kuuliza "jana alikuwa hali gani?" Wauliza tabia yake. Na hawamuulizi mtu aliyekutana naye mara moja. Wamtafuta imamu wa mtaa wake, jirani aliyekaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi, mtu aliyefanya naye biashara. Kwa nini? Kwa sababu siku ya posa kila mtu ana tabia nzuri! Kijana amevaa kanzu nyeupe, amejipaka udi, anaongea kwa adabu. Hiyo ni hali yake ya siku ile. Na kinyume chake pia ni kweli. Mtu mwema aweza kukasirika siku moja sokoni, ukimuona siku hiyo tu utasema ni mkorofi.

Basi hali ya hewa ni jibu la "leo kukoje?" Je, kuna mvua, jua, upepo, joto la digrii ngapi, leo au wiki hii, mahali hapa. Tabia ya nchi ni jibu la "mahali hapa pamezoea kuwaje?" Na jibu hilo halipatikani kwa siku moja wala mwaka mmoja. Wataalamu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani wamekubaliana kupima tabia ya mahali kwa takwimu za miaka 30. Kipindi kinachotumika sasa ni mwaka 1991 hadi 2020. Zamani kilichotumika sana kulinganisha ni 1961 hadi 1990. Yaani nchi nayo huulizwa kwa jirani wa miaka mingi, si kwa mpita njia.

RAMADHANI YENYEWE NI SHAHIDI

Sisi Waislamu tuna mfano mzuri wa jambo hili, nao ni huu huu mwezi tuliomo.

Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 10 au 11. Kwa hivyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2006 tulianza kufunga Septemba. Mwaka 2010 ikawa Agosti. Mwaka 2018 ikawa katikati ya Mei, mwaka 2022 mwanzo wa Aprili, mwaka 2024 Machi, na safari yaendelea kuelekea Februari na Januari. Mzunguko mzima huchukua kama miaka 33. Mtu aliyefunga miaka 33 amefunga katika masika, amefunga katika kipupwe, amefunga katika vuli, na amefunga katika jua kali la kaskazi.

Wenzetu wa nchi za mbali, kama Uingereza, wakihama kutoka msimu hadi msimu hubadilika saa za kufunga, mara mchana mrefu sana, mara mfupi sana. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Kwa hivyo kinachobadilika kwetu zaidi ni joto na mvua.

Sasa angalieni. Ramadhani iliyoanza mwisho wa Desemba 1997 ikaisha mwisho wa Januari 1998, wengi hapa wanaikumbuka. Ilikuwa ni ile ya El Niño. Mvua ilianza Oktoba ikakataa kuondoka. Madaraja yalisombwa, barabara ya Nairobi kwenda Mombasa ikaharibika vibaya, huko Garissa na kaskazini mashariki watu wakazingirwa na maji na maradhi yakafuata. Watu walifuturu katika matope.

Mtoto aliyefunga kwa mara ya kwanza mwezi ule angeweza kusema: "Januari ni mwezi wa mvua." Je, ni kweli? Tuangalie takwimu za Mombasa. Wastani wa mvua ya Januari, kwa ile miaka 30 ya 1961 hadi 1990, ni kama milimita 34 tu. Februari ni kame zaidi, kama milimita 14. Ukilinganisha na Mei ambayo ni karibu milimita 246, utaona Januari ni kiangazi. Mtoto yule hakusema uongo, ameona mvua kwa macho yake. Lakini ameona hali, akadhani ameona tabia. Ramadhani itaturudia Januari na Desemba mwaka 2030, maana mwaka huo inshaallah tutapata Ramadhani mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Tukijiandaa kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja wa 1998, tutanunua mabuti ya mvua wakati tunahitaji kivuli na maji ya kunywa.

WAZEE WETU WALIJUA

Tusidhani elimu hii imekuja na kompyuta. Wazee wa pwani hii walikuwa na kalenda mbili, na kila moja ilikuwa na kazi yake.

Kwa ibada walifuata mwezi, kama tunavyofuata sisi. Lakini mkulima hawezi kupanda kwa mwezi wa Shaabani, kwa sababu mwaka huu Shaabani iko kwenye jua na baada ya miaka michache iko kwenye mvua. Nahodha naye hawezi kusafiri kwa Rajabu. Kwa hivyo walihesabu mwaka wa jua kuanzia siku ya Nairuzi, yaani siku ya mwaka. Siku 365 wakazigawa kwa miongo, kila mwongo siku kumi, miongo 36 na siku tano za juu. Mzee akisema tuko mwongo fulani, mkulima ajua kama ni wakati wa kufyeka au wa kupanda, na baharia ajua kama bahari imefunga au imefunguka.

Hesabu hiyo ilisimama juu ya tabia ya nchi. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, huleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma kuanzia kama Aprili hadi Oktoba, huyarudisha. Kati yake ndiyo kuna masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Miji ya Lamu, Mombasa na Malindi ilifanya biashara kwa kutegemea hayo kwa mamia ya miaka. Nahodha hakujua siku ya Jumanne upepo utakuwaje, hiyo ni hali. Lakini alijua kwamba akingoja, kusi itakuja, hiyo ni tabia. Na aliyechanganya mambo hayo mawili alibaki bandarini miezi sita akila akiba yake.

Hata Maquraishi wa Makka, tunavyosoma katika Suratu Quraysh, walikuwa na safari mbili za biashara, moja ya wakati wa baridi na moja ya wakati wa joto. Wafasiri wanatueleza kwamba walikwenda Yemen wakati wa baridi na Sham wakati wa joto. Mpango ule haukutokana na kutazama mawingu asubuhi.

TUPIGE HESABU YA PAA LA MSIKITI

Sasa tuje kwenye faida. Elimu isiyoingia kwenye kazi ni mzigo.

Tuseme tuna msikiti wenye paa la mita 10 kwa mita 20. Hiyo ni mita mraba 200. Kuna kanuni moja nyepesi, vijana iandikeni: mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji. Kwa hivyo paa letu, kila milimita moja ya mvua, lapokea lita 200.

Mombasa kwa mwaka hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000. Zidisha kwa 200, ni lita 200,000 na kitu. Tuondoe moja ya tano kwa ile inayomwagika na kukauka, zabaki kama lita 160,000. Maji ya kutawadhia, ya kuoshea msikiti, hata ya kuwapa majirani. Maji haya yote sasa hivi yanakwenda wapi? Yanateremka kwenye mtaro, yanazibia watu njia, kisha kesho yake twanunua maji kwa mikokoteni.

Lakini ngojeni, hapo hapo kuna mtego. Fundi atakuja aseme: "Milimita 1,080 kwa mwaka, gawanya kwa miezi 12, ni milimita 90 kwa mwezi, yaani lita 18,000. Jengeni tangi la lita 18,000, kila mwezi litajaa." Hesabu ni sahihi, uamuzi ni mbaya. Kwa sababu mvua haiji kwa mgawanyo wa sawa. Mei peke yake yaweza kuleta lita kama 49,000, tangi litafurika. Februari yaleta lita kama 2,800, tangi litakauka. Tabia ya nchi si wastani peke yake. Ni pamoja na kujua mvua huja lini, huondoka lini, na hukawia kwa muda gani. Tangi hujengwa kwa ajili ya miezi ya kiu.

Na paa lile lile ukilipeleka Garissa? Kule mvua ya mwaka mzima ni milimita 300 na kitu, yaani lita kama 60,000. Mombasa kwa mwezi wa Mei tu yakaribia kiasi hicho. Ukilipeleka Kakamega, ambako mvua hukaribia milimita 2,000, utapata karibu lita 400,000. Nchi ni moja, Kenya, lakini tabia ni tofauti. Ndiyo maana mpango wa maji wa Kakamega hauwezi kunakiliwa ukapelekwa Garissa, hata kama mfadhili ni mmoja na ramani ni moja.

WASTANI HAULISHI NGAMIA

Ndugu zetu wa kaskazini mashariki wanajua somo hili kwa machungu. Kuanzia vuli ya mwaka 2020 hadi vuli ya mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa kufuatana. Ramadhani ya 2021 na ya 2022 ziliangukia Aprili na Mei, katikati ya masika, lakini masika yenyewe hayakuja ipasavyo. Watu walifunga na kufuturu huku mizoga ya mifugo iko nje ya boma. Kenya ilipoteza zaidi ya mifugo milioni mbili. Misikitini paliswaliwa swala ya kuomba mvua.

Kisha mwisho wa mwaka 2023 mvua ikaja, nayo ikaja kwa mafuriko. Garissa, Mandera, Wajir na Tana River, watu wale wale waliokuwa wakitafuta maji wakawa wanayakimbia. Na masika ya mwaka 2024 yakazidisha, karibu watu 300 wakafariki nchini, na shule zikacheleweshwa kufunguliwa.

Sasa mtu mwenye karatasi ofisini aweza kuchukua miaka ile ya ukame, akachanganya na miaka ya mafuriko, akagawanya, akasema: "Wastani ni mzuri." Wastani huo haukumlisha ngamia hata mmoja. Aliyekufa mwaka 2022 hakuinuka kunywa maji ya 2023.

Na kuna kosa la upande wa pili. Mtu amejenga nyumba ndani ya laga, yaani mto mkavu. Ukimuuliza, asema: "Tangu nimehamia hapa, miaka minane, sijaona tone la maji likipita." Miaka minane ni ushahidi mdogo sana. Laga haikuchimbwa na shetani, ilichimbwa na maji. Mchanga uliomo ndani yake ulibebwa na mafuriko yaliyopita kabla yake. Mwulize mzee aliyekuwako mwaka 1961, atakueleza mvua ilivyokuwa kuelekea Uhuru. Mwulize wa 1997. Kabla ya kununua kiwanja, uliza kiwanja tabia yake kwa watu wa zamani, kama unavyouliza tabia ya mchumba.

Kwa hivyo kanuni ni hii. Uamuzi wa siku moja, kama kuanika mahindi, kuingia baharini kuvua, kufanya walima nje au ndani ya ukumbi, uchukue kwa hali ya hewa. Sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa asubuhi ile. Uamuzi wa msimu, kama mbegu gani ya kupanda, sikiliza utabiri wa masika na wa vuli unaotolewa kabla ya msimu. Na uamuzi wa miaka mingi, kama kujenga nyumba, kuchimba kisima, kuweka wakfu, uchukue kwa tabia ya nchi.

Nabii Yusuf (A.S.) alipofasiri ndoto ya mfalme wa Misri, kisa mnakijua. Alipanga kwa miaka saba ya neema na saba ya shida. Mwaka wa kwanza wa mavuno mengi, mtu mwenye kuangalia hali peke yake angesema ghala la nini na chakula kimejaa? Kuweka akiba siku ya shibe ndiyo kazi ngumu.

SASA, JE, TABIA YENYEWE INABADILIKA?

Ndiyo, na hapa ndipo elimu ya mwanzo inapotusaidia, kwa sababu hatuwezi kujua kama tabia ya mtu imebadilika ikiwa hatukuijua tabia yake ya kwanza.

Takwimu zaonyesha joto la wastani hapa Kenya limepanda kwa kama digrii moja tangu miaka ya 1960. Mtu atasema digrii moja ni nini? Kwa siku moja si kitu, jioni tu hushuka zaidi ya hapo. Lakini hii si hali ya siku moja, ni wastani wa nchi nzima kwa miaka na miaka. Angalieni Mlima Kenya. Barafu kubwa ya pale, iitwayo Lewis, ilipimwa mwaka 1934 na ikapimwa tena mwaka 2010. Kati ya hapo ilikuwa imepoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake. Barafu haisomi magazeti wala haina chama. Siku moja ya jua haiwezi kuiyeyusha kiasi hicho, na wiki moja ya baridi haiwezi kuirudisha.

Na huku pwani, mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, sehemu kubwa ya matumbawe yetu yalipauka na kufa. Mvuvi anajua, tumbawe likifa na samaki huhama.

Kwa hivyo mtu wa Nairobi akijifunika blanketi mbili mwezi wa Julai, usiku umeshuka digrii 11, akasema "liko wapi hilo joto lenu?", tumjibu kwa upole. Julai ya Nairobi kuwa na baridi ndiyo tabia yake. Swali ni je, Julai za miaka hii 30, kwa jumla, zimekuwaje zikilinganishwa na Julai za miaka 30 iliyopita? Na vile vile, siku ikiwa moto Mombasa mwezi wa Machi, digrii 33, tusikimbilie kusema "mwaona, mabadiliko ya tabianchi!" Machi ya Mombasa ni moto tangu babu zetu. Tukisema ovyo, siku ya kusema kweli hatutasikilizwa.

MASWALI

Ndugu mmoja aliuliza: "Hawa wa utabiri wakisema mvua Jumamosi, mara nyingi haiji. Mtu asiyejua Jumamosi atajuaje miaka ya 2050?"

Jibu: Haya ni maswali mawili tofauti. Mimi siwezi kukuambia nani atakaa safu ya tatu swala ya Ijumaa ijayo. Lakini naweza kukuambia msikiti utajaa, na kwamba usiku wa 27 utajaa zaidi. Kujua jumla ni jambo moja, na kujua mmoja mmoja ni jambo jingine. Hakuna ajuaye kwa uhakika kama tarehe 14 Julai mwaka ujao itanyesha Mombasa, ila Mwenyezi Mungu. Lakini sote twajua Julai itakuwa na baridi kuliko Machi. Na tukumbuke kwamba utabiri huzungumzia uwezekano. Mwaka 2015 kulikuwa na El Niño yenye nguvu sana, watu wakajiandaa kwa jambo kama la 1997, na mvua haikufikia pale. Wengine wakacheka. Lakini aliyezibua mtaro wake mwaka ule hakula hasara.

Dada mmoja aliuliza: "Je, mafuriko ya 2024 yaliletwa na mabadiliko ya tabianchi?"

Jibu: Tukio moja peke yake halitoshi kusema ndiyo au la. Mafuriko yalikuwako zamani. Kinachopimwa ni je, mambo hayo sasa huja mara nyingi zaidi, na je, huja kwa nguvu zaidi? Twajua kwamba hewa ikipata joto la digrii moja zaidi, yaweza kubeba mvuke kama asilimia 7 zaidi. Kwa hivyo mvua ikija, ina kitu zaidi cha kumwaga. Joto hilo hilo pia hukausha ardhi upesi mvua isipokuja. Kuhusu ule ukame wa 2020 hadi 2022, kikundi cha wanasayansi cha World Weather Attribution kilitoa utafiti mwaka 2023 kikasema joto la dunia liliuongezea uwezekano wake kwa angalau mara 100. Lakini dada yangu, tusisahau na mitaro yetu iliyojaa mifuko, na nyumba zilizojengwa njia ya maji. Hiyo hatuwezi kuibandika tabianchi.

Kijana mmoja aliuliza: "Sisi wa madrasa twaweza kufanya nini?"

Jibu: Pimeni mvua. Chukueni chombo kilichonyooka pande zote, chenye mdomo na kitako sawa, kiwekeni mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila siku saa tatu asubuhi, wakati ule ule ambao vituo vya serikali hupima, tieni rula msome milimita, andikeni kwenye daftari, kisha mwage. Siku isiyo na mvua andikeni sifuri. Sifuri nayo ni habari, msiiruke. Pembeni andikeni na tarehe ya Kiislamu, ili siku moja mtu aweze kusoma Ramadhani zote 33 na kuona kila moja ilikuwaje. Wakati huo huo wahojini wazee: mwaka gani maji yalifika wapi, mwaka gani kisima kilikauka. Andikeni na mwaka.

Mtoto wa miaka 10 akianza leo, atatimiza miaka 40 akiwa na daftari la miaka 30. Akiondoka katikati, amkabidhi mwenzake. Watakaojenga msikiti mpya, watakaochimba kisima, watakaotafuta kiwanja salama cha madrasa, watakuja kulisoma. Kamati ya msikiti, nawaomba mnunue daftari lenye jalada gumu, na mteue wawili wa kuanza kesho asubuhi, maana penseli hazitoshi kama hakuna mwenye dhamana.

Namuomba Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, atupe mvua yenye manufaa isiyo na madhara, awarehemu waliotutangulia katika ukame na mafuriko, na awape subira waliobaki.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.